Vidonge vya kulinda ini nikiwa kwenye dozi ya TB: chupa moja na nusu, na vipimo vyangu vya damu

Chupa ni nyeupe, ya plastiki, kifuniko kijani, ndani kapsuli 60. Mbele imechorwa ua la zambarau lenye miiba na juu yake maandishi makubwa, Milk Thistle. Nilinunua chupa mbili kwenye famasi moja hapa Tanga mjini, shilingi 65,000 kila moja. Ya kwanza niliimaliza, ya pili niliifikisha nusu. Nusu iliyobaki ipo kwenye droo ya cherehani, pamoja na zipu na vifungo, na kila mteja anayeiona huniuliza swali lilelile: "Fundi, zinasaidia kweli?" Nimeona jibu niliandike lote mahali pamoja.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, Ngamiani, nina miaka 38. Pombe situmii, na homa ya ini aina ya B nimepimwa, sina. Februari 2023 nilikohoa wiki tatu mfululizo, usiku jasho linalowesha mto, na nguo zangu mwenyewe nikawa nazipunguza kiunoni. Makohozi yakapimwa, ikaonekana TB. Jumatatu tarehe 6 Machi nikaanza dozi. Kwa uzito wangu wa kilo 52 nilipewa vidonge vitatu kila asubuhi, na kila kidonge kina dawa nne ndani yake: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na etambuto. Dawa ni bure. Sista wa kliniki alinieleza taratibu, miezi miwili ya dawa nne kisha miezi minne ya dawa mbili, na akaniambia mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, nisishtuke.

Hofu ya ini sikuipata kliniki. Niliipata dukani kwangu. Mteja mmoja aliyekuja kupima gauni la Idi aliniona nikimeza, akashusha sauti: "Dada, hizo dawa zinakula ini. Mjomba wangu macho yaligeuka kama kiini cha yai." Sikulala vizuri siku ile. Na hakuwa muongo. Katika dawa zile nne, tatu zinaweza kuumiza ini: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Etambuto haina lawama hiyo. Nilijuta kwamba sikurudi kumuuliza Sista. Nilikwenda maabara ya kulipia tarehe 11 Machi, nikapima kimeng'enya kinachoitwa ALT, ambacho hupanda kwenye damu chembe za ini zinapoumia. Nilipata 24, na mwisho wa kawaida kwa maabara ile ni 40. Ini langu lilikuwa zima. Jumatatu iliyofuata nikaenda famasi.

Muuzaji alikuwa kijana msafi, mwenye maneno mazuri. Aliniambia mmea huu umetumika Ulaya miaka na miaka kwa ajili ya ini, na hilo ni kweli. Hakuniuliza niko kwenye dawa gani. Hakuniuliza chochote, kwa kweli, zaidi ya kama nalipa taslimu au kwa simu.

Nizungumzie bidhaa yenyewe kwa haki. Lebo yake ni safi: namba ya toleo ipo, tarehe ya kuisha ipo, na imeandikwa kila kapsuli ina miligramu 175 za dondoo ya mbegu, asilimia 80 yake ikiwa silimarini, kile kiini cha mmea kinachotegemewa kwa ini, yaani miligramu 140. Kumeza mara tatu kwa siku ni miligramu 420, kiwango ambacho mara nyingi ndicho kinachotumika hata kwenye majaribio ya madaktari. Nilifungua kapsuli moja juu ya sahani: unga wa kahawia hafifu, harufu ya majani makavu, ladha ya uchungu mdogo. Haichomi tumbo. Choo kililainika siku chache za mwanzo, kisha kikatulia. Anayewashwa au kuvimba kwa sababu ya alizeti na jamii yake ajihadhari, mmea huu ni wa ukoo huohuo. Kama bidhaa tu, kwa usafi na uwazi wa lebo, sina la kulalamika.

Nilimeza kuanzia tarehe 13 Machi, tatu kwa siku, bila kuruka. Ramadhani ikaingia. Mimi sikufunga kwa sababu ya dozi, lakini kazi ya nguo za Idi ilikuwa imenielemea, naketi kwenye mashine mpaka saa sita usiku. Hivyo uchovu ulipoanza mwishoni mwa mwezi nikaulaumu ushonaji. Kichefuchefu nikakilaumu moshi wa mafuta ya sambusa za jirani. Harufu ya uji wa pilipili manga, ambao naupenda tangu utoto, ikawa inanitoa jikoni.

Na hapa lazima niseme lililonitia aibu zaidi mbele ya daktari. Nilipoona silimarini haiondoi uchovu, nikaongeza. Asubuhi nikawa naweka kijiko cha unga wa mlonge kwenye uji. Halafu mchuuzi mmoja gulioni akaniuzia "dawa ya kusafisha ini" kwa shilingi 15,000, kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, rangi ya kahawa, haina jina, haina tarehe, haina hata karatasi. Alisema ina mizizi mingi. Nilikunywa nusu kikombe asubuhi na jioni kwa siku tisa.

Tarehe 12 Aprili binti yangu aliniambia, "Mama, macho yako yamekuwaje?" Nilikwenda kwenye kioo. Weupe wa macho ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mkojo nao ulikuwa umebadilika, na hili nataka wenzangu wa dozi walisome mara mbili: rangi ya chungwa ya rifampisini huja saa chache baada ya kumeza, halafu hufifia. Wangu sasa ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, hata alfajiri kabla ya dawa. ALT ikasoma 312. Karibu mara nane ya kiwango cha juu.

Daktari wa kliniki alisimamisha kila kitu siku hiyohiyo. Kwa kawaida husimamisha ALT ikizidi mara tatu kama mgonjwa ana dalili, au mara tano hata kama hana, na mimi nilikuwa nimezipita zote mbili. Aliniomba nilete kila ninachomeza. Nikaleta mfuko wa rambo na vyote vitatu. Hakunigombeza. Alivipanga mezani, akaitazama chupa ya silimarini akaiweka pembeni, akaishika ile ya gulioni muda mrefu, akainusa, akauliza, "Mama, humu kuna nini?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi nami sina."

Maelezo yake niliyaelewa kwa njia ya kazi yangu. Cherehani ikianza kuruka mishono, nawe siku hiyohiyo ukabadilisha sindano, uzi na mafuta, hutajua kamwe kilichoiharibu wala kilichoitengeneza. Mimi nilikuwa na dawa nne za TB, kapsuli, mlonge na maji ya kahawia. Nani alaumiwe? Pirazinamidi ndiyo aliyoishuku zaidi, lakini ile chupa isiyo na jina ilimzuia kusema kwa uhakika, na kutokuwa na uhakika huko kulirefusha matibabu yangu.

Wiki moja baada ya kuacha kila kitu, tarehe 19 Aprili, ALT ikashuka hadi 140. Hamu ya kula ikarudi, na Idi nilikula pilau. Tarehe 28 ilikuwa 46. Tukaanza upya siku hiyo na rifampisini na etambuto, wiki moja baadaye isoniazidi, kwa kupima katikati. Tarehe 12 Mei nilikuwa 31, Juni 27. Pirazinamidi haikurudi tena, na dozi ikawa ya miezi tisa tangu tulipoanza upya. Nilimaliza mwishoni mwa Januari 2024, makohozi safi, kilo 59.

Tazameni vizuri zile namba za Aprili, kwa sababu ndizo zilizonifanya niandike. 312, 140, 46. Katika wiki hizo mbili nilikuwa simezi chochote, hata kapsuli moja ya silimarini. Ini lilijirudi lenyewe baada ya kuondolewa kilicholiumiza. Sasa fikirini kama siku ile ningeziacha dawa za TB nikaendelea na silimarini. Leo ningekuwa nimekaa hapa nikiwaapia kwa Mungu kwamba chupa hii imeniokoa, na karatasi za maabara ningewaonyesha. Ningekuwa mkweli wa moyo, na ningekuwa nimekosea kabisa.

Wengi wanaosifu dawa hizi wamepita njia hiyo. Na kuna njia nyingine tulivu zaidi: katika watu wanaomeza isoniazidi, 10 hadi 20 katika kila 100 ALT zao hupanda kidogo miezi ya mwanzo, kisha hushuka zenyewe huku dawa ikiendelea, kwa sababu ini limezoea. Mtu aliyekuwa anakunywa majani fulani wakati huo atayashukuru majani.

Mpwa wangu anasoma ufamasia Dar. Nilimpigia nikamwambia anisomee kilichoandikwa na watu waliopima, si wauzaji. Alinisomea kwa simu jioni mbili, nami naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Mlonge, kwa mfano. Watafiti wa India mwaka 2002 waliwapa panya isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, wengine wakaongezewa dondoo ya majani ya mlonge, na hao maini yao yaliumia, lakini pungufu sana kuliko ya wenzao. Nilifurahi niliposikia. Kisha akaniambia, "Mamdogo, hao ni panya, na ile ni dondoo iliyopimwa kwa uzito wa kila panya. Wewe ulikuwa unachota kijiko." Mimea mingi sana imefaulu kwa panya namna hiyo. Kwa binadamu walio kwenye dozi ndipo habari inapokuwa nyingine.

Silimarini imepimwa kwa binadamu hao. Thailand kulikuwa na jaribio dogo la wagonjwa 55 wa TB, matokeo yakatoka 2015, na waliopewa silimarini walioumia ini walikuwa wachache kuliko wasiopewa. Muuzaji yeyote atakutajia hilo. China walichukua wagonjwa zaidi ya 500, nao matokeo yakatoka mwaka huohuo: tofauti ya maana haikuonekana. Korea Kusini nako haikuonekana. Marekani walijaribu kwa watu 154 wenye homa ya ini aina ya C, kwa dozi kubwa kuliko yangu, wiki 24, wakachapisha 2012: ALT haikushuka kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nikiweka jaribio dogo upande mmoja na makubwa upande wa pili, najua mizani inalalia wapi.

Ila kuna mahali mmea huu unaheshimika hospitalini, nami sitaki kuuonea. Ulaya kuna uyoga wenye sumu kali, Amanita phalloides, unaoua kwa kuharibu ini. Madaktari huko huwachoma wagonjwa sindano ya mshipa yenye kiini cha silimarini. Sumu ya uyoga huingia kwenye chembe za ini kupitia mlango maalumu, na dawa hiyo huuziba mlango. Isoniazidi haina habari na mlango huo. Ini lenyewe ndilo huivunjavunja, na katika vipande vinavyobaki ndimo mna madhara. Tena ile ni sindano ndani ya damu, wakati kapsuli ya mdomo hufyonzwa kidogo sana na tumbo.

Wengine wataniuliza manjano. Manjano ya kwenye mchuzi, kuleni kwa amani, mimi mwenyewe siwezi kupika samaki bila hiyo. Ninaowaonya ni wanaonunua kapsuli za manjano zilizokolezwa, hasa zile zilizochanganywa na kiini cha pilipili manga ili mwili ufyonze zaidi. Italia mwaka 2019 na Marekani baadaye waliripoti watu walioumia ini kwa sababu ya kapsuli hizo. Dondoo ya chai ya kijani nayo ina sifa hiyohiyo mbaya. Yaani unanunua kinga, unapata ugonjwa. Na aliyemeza panado kupita kiasi asikae nyumbani akichemsha majani: dawa yake ipo hospitali, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa nane za kwanza.

Nisieleweke kwamba nadharau miti shamba. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lushoto, na alijua majani. Huku kwetu milimani, pale Amani, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, na mikwinini ilipandwa pale, miti ambayo magome yake yalitibu malaria. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asilia tangu 1974, na nchi ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la kusajili waganga na dawa zao. Kwinini iliaminika kwa sababu walijua ni kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinadhuru. Yule mchuuzi wa gulioni hakujua hata kimoja, akaniuzia mimi nikiwa mgonjwa. Bado ninaumia nikikumbuka.

Kwa hiyo alama zangu. Kapsuli za silimarini kwa mtu aliye kwenye dozi ya TB: nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya lebo ya kweli, ya pili ni kwa kuwa hata daktari wangu hakuiona kuwa sumu. Tatu nimezizuia kwa sababu ya kazi iliyoandikwa mbele ya chupa, kulinda ini. Langu halikulindwa: niliumia nikiwa nazimeza siku ya thelathini, bila kuruka hata moja. Unga wa mlonge ni chakula kizuri, naula tena sasa, na sitaupa nyota za dawa. Ile chupa ya gulioni haistahili hata kuhesabiwa. Tafadhali, kitu kisicho na jina wala namba ya usajili kisiingie kinywani mwa mtu aliye kwenye dozi.

Bei nazo nizitaje. Kapsuli zilinigharimu 130,000. Kipimo kimoja cha ALT nililipa 10,000. Kwa fedha ileile ningepima mara kumi na tatu, na kama ningepima hata mara moja tu mwishoni mwa Machi, uchovu ulipoanza, ningekamatwa mapema kabla macho hayajabadilika. Usiache dawa za TB kwa hofu, nami nakuomba sana hapo: mama mkwe wangu alinishauri niziruke siku mbili mbili "ini lipumue", na kuruka ndiko kunakozaa TB sugu. Anayesimamisha ni kliniki, na husimamisha kwa mpango. Wewe kazi yako ni kuwaambia haraka ukikosa hamu ya kula, ukitapika, ukiumwa chini ya mbavu za kulia, ukiona mkojo mweusi au macho ya manjano, na kuwatajia kila unachomeza, hata kile unachokionea haya.

Wiki iliyopita alikuja mteja, mumewe yuko wiki ya nne ya dozi. Aliiona ile nusu chupa kwenye droo. "Fundi, niuzie hizo zilizobaki, nakupa elfu ishirini." Nikamvutia kiti, nikamwonyesha karatasi zangu za maabara moja moja, kuanzia ile ya 24. Alikaa kimya, kisha akaomba azipige picha. Jana amenipigia: mumewe amepimwa, ALT ni 71, anakula vizuri, macho meupe, na kliniki wamesema aendelee na dawa bila kuongeza kitu kingine chochote. Kipimo cha pili ni Jumatatu, na ameniomba niende naye.